Taa Aliyoizima Fundi Zahoro

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ambaye gari lake liliwasha taa kwenye dashibodi kisha likaizima lenyewe, leo ipo kesho haipo, aliambiwa jambo moja tu: mpelekee Zahoro.

Gereji yake haikuwa na ukuta wala jina. Ilikuwa kiwanja nyuma ya maduka, hatua chache kutoka barabara ya Outering, magari sita yakiingia basi kimejaa. Zahoro alikuwa upande wa kushoto, chini ya turubai, na sanduku lake la waya, fyuzi na balbu. Upande wa kulia alikuwa Mwongeli, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa breki na magurudumu. Walifanya kazi ubavu kwa ubavu miaka tisa, kila mmoja akijua mpaka wa kazi yake. Umeme ulikuwa wa Zahoro. Kilichosimamisha gari kilikuwa cha Mwongeli.

Zahoro alizaliwa Majengo, akalelewa na nyanya yake, akaanza utundu wa umeme kwa kufungua redio za majirani na kuzirudisha zikiimba. Alipofikia makamo alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Taa inayowaka ikabaki imewaka, alisema, haina kazi, makanika yeyote ataiweza. Kazi ni ile inayowaka ukiwa njiani, na ukifika kwa fundi imezima, fundi anakutazama kama mwongo. Yeye hakumtazama mtu hivyo. Alimkalisha mwenye gari kwenye kigoda akamuuliza pole pole. Iliwaka saa ngapi? Ulikuwa umenyooka au unakata kona? Mvua ilikuwa imenyesha? Ulikuwa umewasha taa kubwa? Kisha aliingia kiti cha abiria na kumwambia, "Twende. Endesha kama siku zote, usiendeshe kwa kunionyesha mimi."

Anisa, muuguzi wa mtaa wa pili, alikuwa amezungushwa na mafundi watatu kwa ajili ya taa ya betri. Zahoro alikaa naye garini mpaka mvua ikaanza kunyesha, na Anisa alipowasha taa za mbele na vipangusio kwa pamoja, taa ile ikachungulia. Betri ilikuwa nzima. Alteneta, ile inayochaji betri, ndiyo iliyokuwa imechoka, ikiweza mzigo mdogo na kushindwa na mkubwa. Mwalimu mmoja alikuja na taa ya oili iliyowaka tu akisimama kwenye foleni injini ikiwa ya moto. Huyo Zahoro alimnyang'anya ufunguo, akamwambia arudi nyumbani kwa miguu.

"Ya njano uje wiki hii," alikuwa akiwaambia wateja. "Nyekundu usimame hapo hapo ulipo."

Alichochukia kuliko vyote ni kipande cha utepe mweusi. Kuna watu, na kuna mafundi pia, ambao taa ikiwasumbua huibandika utepe juu yake wasiione. Zahoro akiingia gari la namna hiyo hakugusa kitu kingine kabla ya kuubandua utepe ule kwa kucha.

Mke wake, Lela, alikuwa na mdogo wake mmoja aliyeitwa Farid. Mama yao alifariki Farid akiwa na miaka saba, na Lela, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyemwogesha, akampeleka madrasa na shuleni, akakaa naye mpaka alipooa. Ndiyo maana Farid aliingia nyumbani kwa Zahoro kama mtoto wa nyumba, na Zahoro hakuwahi kumnyima jambo.

Farid alikuwa na gari la Kijapani la rangi ya fedha, lenye buti refu, la zamani kidogo lakini safi. Siku moja alilileta gereji akilalamika kwamba taa nyekundu ya breki inawaka akikata kona, kisha inazima. Zahoro alifungua boneti akatazama kichupa cha mafuta ya breki. Yalikuwa yamepungua. Akaongeza, akamwambia, "Haya mafuta hayaliwi na injini, shemeji. Yakipungua, yametokea mahali. Mpe Mwongeli afungue magurudumu." Farid alisema atalileta wiki ijayo.

Alirudi baada ya wiki mbili, mchana, akiwa na haraka. Taa ilikuwa imeanza tena. Zahoro alitazama kichupa, mafuta yalikuwa yameshuka vile vile. Sasa alijua, hakudhani. Mahali fulani, kwenye gurudumu moja au kwenye bomba, breki zile zilikuwa zinavuja.

"Liache hapa," alisema. "Mwongeli ameenda kununua vipuri, kesho asubuhi ataliangalia."

"Siwezi, shem. Nimelipatia mnunuzi. Anakuja kuliona baada ya Alasiri."

"Basi mwambie mnunuzi."

"Nitamwambia. Wallahi nitamwambia apeleke breki zikaangaliwe. Lakini taa ikimwakia usoni siku ya kwanza atalikimbia gari lote, aone ni bovu. Wewe ongeza mafuta, halafu niondolee hiyo taa. Nitamwambia kwa mdomo wangu."

Zahoro alikitazama tena kichupa. Farid akaweka mkono begani kwake. "Da Lela anajua nahitaji kuondoka kwenda Mombasa. Nisaidie mara hii tu."

Ilikuwa kazi ya dakika kumi na tano. Zahoro aliongeza mafuta, akafungua skrubu za dashibodi, akaivuta mbele, akapeleka vidole nyuma yake. Alizungusha kishikio kimoja kidogo cha plastiki, akakitoa, akachomoa balbu iliyokuwa ndani yake na kukirudisha kitupu. Mikono yake iliyafanya hayo yenyewe, kama inavyofunga vifungo vya shati. Farid aliwasha gari, taa zote zikajionyesha kama kawaida ya gari linapowashwa, isipokuwa moja, na mtu asiyeijua hawezi kuona kwamba haipo.

Mnunuzi alikuwa Ambaro, mama Msomali aliyeishi Umoja One na kuuza mashuka na mapazia kwa jumla Eastleigh. Zahoro alimfahamu kwa sura, walisalimiana msikitini siku za Idd, kila mtu upande wake. Hakuwa anajua kwamba ndiye. Alijua miezi miwili baadaye, alipoliona gari lile la rangi ya fedha likiingia kiwanjani, na Ambaro akiteremka.

"Fundi, honi imekufa," alisema. "Eastleigh bila honi ni kama kutembea umefumba mdomo."

Zahoro aliitengeneza. Ilikuwa waya tu, umelegea. Alipokuwa ameinama alimwuliza, kama mtu anayepitisha muda, "Na mengine? Linaendaje?"

"Alhamdulillahi. Tangu nilinunue halijaniwashia taa hata moja."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Baadaye Zahoro aliikumbuka nafasi ile kama mtu anavyokumbuka mlango aliopita mbele yake. Mwongeli alikuwa pale pale, spana mkononi, hana gari la kufanya. Ilitosha kusema, mama, mpe huyu aangalie breki. Hakuhitaji hata kumtaja Farid. Lakini akafikiri, nikisema sasa ataniuliza nimejuaje. Akafikiri tena, Farid aliapa kwamba atamwambia, bila shaka zilishatengenezwa. Akafunga boneti, akampa Ambaro ufunguo mkononi, akamwambia, "Safari njema, mama."

Wiki tano baada ya siku hiyo, Jumatatu asubuhi, Ambaro alikuwa akimpeleka binti yake Kawsar chuoni upande wa Barabara ya Thika. Kawsar alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wake wa kwanza. Walipofika kwenye mteremko wa Outering unaoshukia mto Mathare, Ambaro alikanyaga breki, na pedali ikazama mpaka chini bila kukutana na chochote. Akakanyaga tena. Akavuta breki ya mkono, gari likayumba, halikusimama. Mbele yake watu walikuwa wanavuka, wamebeba mizigo ya soko, mmoja na mtoto mgongoni. Ambaro alikata kushoto, akaelekeza gari kwenye ukuta.

Hakuna aliyekufa. Ambaro alitoka na michubuko na jino moja lililovunjika. Ukuta ulikuwa upande wa kushoto, na kushoto ndiko alikokaa Kawsar. Mfupa wa paja ulikatika na kifundo cha mguu kikasagika.

Zahoro alizisikia habari kwa Mwongeli. Huyu alikuwa ameitwa kusaidia kuliondoa gari barabarani, akarudi saa sita amevimba uso kwa hasira.

"Ni gari la yule Mama Kawsar wa mapazia," alisema akinawa mikono. "Nimefungua kichupa cha breki, kikavu kama mfupa. Gurudumu la nyuma limelowa mafuta ya siku nyingi. Sijui watu wanaendesha vipi magari. Hiyo taa lazima ilimwakia wiki nzima, akaitazama tu!"

Zahoro alikaa kwenye kigoda cha wateja. Mwongeli alipomwuliza kama anaumwa, alisema ni jua tu. Akaondoka bila kufunga sanduku lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nyumbani, Lela alikuwa akichambua mchele. Zahoro alimweleza yote akiwa amesimama, tangu kichupa cha kwanza mpaka honi. Lela alisikiliza bila kuinua kichwa, vidole vikiendelea kutafuta mawe kwenye sinia, mpaka vikasimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Farid."

"Na sasa unataka kwenda kusema."

"Nitaenda."

"Utamtaja Farid?"

"Nitajitaja mimi. Wakiniuliza nani aliniomba, sitadanganya, Lela. Nimeshafanya la kutosha."

Lela alilia, si kwa sauti. Alisema yule ni mtoto aliyemlea, kwamba akiteleza yeye ndiye aliyeteleza. Kisha Lela alisimama, akaenda kumtolea shati safi, akalitandika kitandani. Hakusema nenda wala usiende.

Kwanza Zahoro alimpigia Farid, kwa sababu aliona ni haki yake kujua. Farid alikuwa tayari Mombasa. Alisema, "Shem, wewe ndiye uliyeitoa hiyo balbu. Mimi sina hata bisibisi."

"Ulimwambia kuhusu breki?"

"Nilimwambia gari lolote la mkono wa pili ni vizuri kulipitisha kwa fundi."

"Hilo si jambo nililokuuliza."

Simu ikakatwa. Na ingawa Zahoro alikasirika, alijua kwamba neno la bisibisi lilikuwa kweli, na hakuweza kulitoa kichwani njia nzima.

Alimkuta Ambaro nyumbani, ametoka hospitali kubadilisha nguo, pamoja na kaka yake Wehliye, mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina. Walimkaribisha kama wanavyokaribishwa watu wanaokuja kutoa pole, na wengi walikuwa wamekuja siku ile. Ambaro mwenyewe alichukua chupa ya chai na kikombe.

"Mama Kawsar," alisema Zahoro, "usinimiminie chai kabla hujanisikia."

Akasema. Alisema kwa mpangilio, kama anavyoeleza hitilafu ya gari, kwa sababu hakujua namna nyingine. Alipofika mahali pa balbu, Wehliye aliinuka kwenye kiti. Ambaro akanyoosha mkono bila kumtazama, na kaka yake akabaki amesimama hapo hapo.

"Siku nilipokuletea honi," alisema Ambaro. "Ulikuwa unajua?"

"Niliona ni gari lile."

"Nakuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanipa ufunguo mkononi."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nini? Nikumbushe."

"Nilikuambia safari njema."

Nje, mtu alikuwa anapita akiuza samaki kwa kuita. Ambaro alisubiri sauti ile ipite. "Toka nyumbani kwangu," alisema. Zahoro alikuwa amefika mlangoni alipoongeza, "Kesho saa tatu asubuhi niko kituo cha polisi. Nisikukose."

Hakumkosa. Afisa wa trafiki aliyewapokea, mwanamke aliyeitwa Akech, aliandika maelezo ya Zahoro kurasa tatu, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, kuna mtu amekulazimisha kuja hapa?"

"Hapana."

"Ripoti ilikuwa inakwenda kuandikwa kwamba gari lilikuwa chakavu. Hakuna mtu angefungua dashibodi. Unaelewa unachofanya?"

"Naelewa, afisa."

Wakaenda uani, ambako magari ya ajali huwekwa. Lile la rangi ya fedha lilikuwa limekunjwa upande mmoja, kiatu cha Kawsar bado kikiwa sakafuni, na hakuna aliyethubutu kukiokota mpaka Ambaro alipoinama akakichukua mwenyewe, akakiweka kwenye mkoba wake. Zahoro alifungua skrubu zile zile, akavuta dashibodi, akatoa kishikio. Kilikuwa kitupu. Akech akapiga picha. Ambaro aliomba akishike. Alikigeuza geuza kiganjani, kijidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakitazama muda mrefu, kisha akamrudishia afisa.

Mwongeli alipojua, hakumsemesha Zahoro kwa siku nne. Siku ya tano alisema, bila kuacha kazi yake, "Nilikuwa hapa. Hatua sita kutoka kwako. Ungeniita tu." Zahoro akasema anajua. Hawakulizungumza tena, lakini wateja walilizungumza. Wengine waliacha kuja. Vijana wa steji ya matatu walimpa jina, Mzee Zima Taa, na akipita aliitwa hivyo, "Niaje, Zima Taa?", na yeye aliitikia salamu.

Kesi ilichukua miezi. Alipofikishwa mahakamani alikiri kabla karani hajamaliza kumsomea. Farid alitafutwa, akaandika kwamba alimshauri mnunuzi ipasavyo, na kwa kuwa hapakuwa na shahidi wa mazungumzo yao, jambo lake likaishia hapo. Hakuja tena nyumbani kwa dada yake. Idd ilipita bila simu yake. Lela alipika biriani kama kila mwaka, akapakua sahani ya mdogo wake kwa mazoea, akakaa akiitazama, kisha akaipeleka kwa jirani.

Hakimu alimpa Zahoro kifungo cha nje, miezi sita ya kazi za jamii katika kituo cha afya cha mtaa ule ule. Asubuhi alifagia uwanja, akasugua veranda, akamwaga taka. Saa saba alikwenda gereji kwa wateja wachache waliobaki. Wakati mwingine alifagia chini ya miguu ya watu aliowatengenezea magari. Wengine waliinua miguu wakitazama pembeni. Anisa, ambaye alifanya kazi hapo, alimletea kiti siku ya kwanza akamwambia, "Pumzika kidogo, mzee," naye akamshukuru, akakipangusa, akakirudisha walipokaa wagonjwa.

Ni huko alikokutana na Kawsar. Msichana alikuwa ameanza kuletwa kwa mazoezi ya mguu, mara mbili kwa wiki, na magongo mawili. Wiki kadhaa walipishana bila kusema, Zahoro akisimamisha ufagio mpaka apite. Kisha siku moja mjomba wake alichelewa kumchukua. Kawsar alikaa kwenye benchi la veranda, mguu umenyooshwa mbele, akamwita.

"Fundi."

Zahoro alikuja, akasimama mbali kidogo.

"Mama hataki nikuongeleshe."

"Basi usiniongeleshe, mwanangu. Mtii mama."

"Nina swali moja tu." Alikuwa ameyashika magongo yote mawili kwa mkono mmoja. "Ile taa. Ingekuwa mahali pake, ingewaka?"

Zahoro aliiona njia ya kutokea, pana na wazi. Taa ya namna ile huja na kwenda. Angeweza kusema Mungu ndiye ajuaye, na hakuna fundi Nairobi nzima ambaye angembishia. Alitazama ule mguu, soksi moja nyeupe, kifundo kilichovimba kuliko cha pili.

"Ingewaka," alisema. "Ingeanza kwenye kona, kama wiki mbili tatu baada ya mama kulinunua, ikawa inakuja na kuondoka. Halafu ingewaka kila mama anapokanyaga breki. Asubuhi ile ingekuwa imewaka tangu mnatoka nyumbani, na isingezima."

Kawsar alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayehesabu siku nyuma. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Unajua kwa nini nimekuuliza? Mama hasemi na watu, lakini namsikia akiswali. Anasema ni yeye. Anasema kuna kitu hakukiona, kwamba gari lazima lilimwonyesha dalili naye akapuuza kwa sababu ya haraka ya duka. Halafu anasema yeye ndiye aliyechagua ukuta."

Zahoro aliulaza ufagio chini. Miezi yote hiyo alikuwa amefikiri juu ya mguu. Juu ya hili hakuwahi kufikiri.

"Mwambie si yeye," alisema. "Hakuna alichopuuza. Gari halikumwonyesha kitu kwa sababu mimi nililiziba mdomo. Na wale watu waliokuwa wanavuka, wote wako hai. Mwambie umesikia kwangu, na akitaka kunisikia mwenyewe nitakuja nimwambie, hata kama ni mlangoni."

"Nitamwambia."

Mjomba alifika na gari, akamwona Zahoro, uso ukabadilika. Kawsar akainuka kwa magongo yake. Hakumwambia amemsamehe, wala Zahoro hakuomba. Alimfungulia lango tu, akasimama kando.

Kawsar alirudi chuoni mwaka uliofuata. Magongo yaliachwa, likabaki moja, kisha kukabaki kuchechemea ambako madaktari walisema hakutaondoka. Zahoro alimaliza miezi yake sita. Siku ya mwisho msimamizi wa kituo alimtilia sahihi karatasi, na kesho yake asubuhi alikwenda akafagia tena, akiwa amesahau, mpaka Anisa alipomkumbusha. Alimaliza veranda aliyokuwa ameianza ndipo akaondoka.

Gereji ilirudi kidogo kidogo. Hakuwa tena yule anayetajwa kwanza. Kijana mmoja wa upande wa Kware alikuwa amenunua mashine inayosoma hitilafu kwa kuchomekwa chini ya usukani, na wengi walikwenda kwake. Zahoro hakumwonea wivu. Alibadilisha jambo moja katika kazi yake. Akitazama gari akaona tatizo lisilo la umeme, halikutoka pale kabla Mwongeli hajaliona, na mwenye gari akikataa, Zahoro aliliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kumpa mkononi. Wengine waliitupa pale pale. Yeye aliendelea kuandika.

Siku moja ya Agosti, baridi ikiwa bado imekaa mtaani, aliingia mwanamke asiyemfahamu na gari dogo la bluu. Alijitambulisha kwa jina la Hikma, jirani wa Ambaro, mlango kwa mlango. Gari lake, alisema, lilikuwa linawasha taa ya injini asubuhi na kuizima mchana, na mume wake amechoka kuambiwa.

"Nani amekuelekeza kwangu?" aliuliza Zahoro.

Hikma alisita. "Mama Kawsar. Amenipa na maneno nikuletee, sijui kama niyaseme."

"Yaseme kama ulivyopewa."

"Amesema nikuambie kwamba hajakusamehe." Hikma alitazama chini, akisogeza kokoto kwa ncha ya kiatu. "Halafu akasema, lakini gari mpelekee yeye. Huyo sasa hatakuficha kitu."

Zahoro alivaa miwani yake. Akafungua boneti ya gari la bluu. Mwongeli, kule upande wake, alikuwa ameacha kugonga alichokuwa anagonga.

Zahoro alilifanyia kazi gari lile mchana kutwa, akampata mwenye makosa, mpira mmoja mwembamba wa hewa uliopasuka, uliokuwa ukivuja kwenye baridi na kujifunga ukipata joto. Hikma aliondoka ameridhika, na hakujua ni kwa nini fundi alimsindikiza mpaka barabarani.

Jioni, Zahoro alimweleza Lela maneno yale mawili ya Ambaro, bila kupunguza wala kuongeza. Lela alikuwa anakunja nguo. Aliyasikiliza yote, akaweka nguo chini.

"Na lipi limekuuma zaidi?"

"La pili," alisema Zahoro. "Amesema 'sasa'."